Hukumu Inayobaki Baada ya Hukumu Kufutwa

Tarehe 19 Desemba 2002, Jaji Charles Tejada wa New York, kwa pendekezo la Robert Morgenthau, mwendesha mashtaka wa Manhattan, alizitangua hukumu zote zilizokuwa zimewakalia shingoni wanaume watano, wanne weusi na mmoja wa asili ya Kilatino, ambao mwaka 1990 walitiwa hatiani kwa sababu ya shambulio la kikatili lililompata mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akikimbia usiku katika bustani ya Central Park mwezi wa Aprili 1989. Walipokamatwa, Antron McCray, Kevin Richardson, Yusef Salaam, Raymond Santana na Korey Wise walikuwa wavulana wa miaka 14 hadi 16. Walipofutiwa hatia walikuwa watu wazima ambao ujana wao ulikuwa umeteketea kifungoni. Mfungwa mmoja, Matias Reyes, aliyekuwa akitumikia adhabu ya mauaji na ya kuwabaka wanawake wengine, alikuwa amekiri kwamba yeye, na yeye peke yake, ndiye aliyelitenda jambo lile, na vinasaba vilivyohifadhiwa tangu siku ya tukio vikamsadiki. Kwa mizani ya sheria, shauri lilikuwa limekwisha.

Katika nyoyo za watu, hata hivyo, shauri halikwisha. Mwezi uliofuata, Januari 2003, jopo lililoteuliwa na polisi wa jiji lilitoa ripoti iliyosema kuwa yaelekea vijana wale walishiriki katika shambulio. Mwaka 2014, jiji lilipokubali kuwalipa dola milioni 41, Donald Trump, ambaye mwezi wa Mei 1989, kabla vijana hawajasimama kizimbani, alinunua kurasa nzima katika magazeti manne ya New York ili kudai adhabu ya kifo irudishwe, aliandika kwamba malipo hayo ni fedheha. Mwaka 2019, akiwa Rais wa Marekani, alikataa kuomba radhi, akasema kwamba walikiri makosa yao. Na mwaka 2024, katika mdahalo wa wagombea urais, alisema tena kwamba walikubali hatia, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyepata kukubali hatia mbele ya mahakama katika kadhia hiyo, na wao wakamfungulia mashtaka ya kuwaharibia jina. Miaka karibu 22 ilikuwa imepita tangu jaji alipotia sahihi yake.

Nimeyatanguliza haya, si kwa sababu ya ukubwa wa cheo cha mtu aliyeyasema, bali kwa sababu yeye aliyasema hadharani maneno ambayo watu wengi wasio na cheo huyasema barazani, kazini na mezani pa chakula, kila wasikiapo kwamba fulani aliyefungwa miaka mingi ameachiliwa kwa kuwa hakuwa na kosa. Shabaha ya makala haya ni kumweleza msomaji asiye mwanasheria jambo ambalo wachunguzi wa hukumu za dhuluma wamelitambua kwa muda mrefu: ya kwamba nchini Marekani dhana ya umma juu ya mtu mweusi huitangulia kesi, huisindikiza kesi hadi mwisho wake, kisha huishi baada ya kesi kufutwa, na kwamba kwa sababu hiyo hati ya mahakama, ijapokuwa ni lazima, haitoshi kumrudishia aliyedhulumiwa kile alichonyang'anywa.

Tuanze na hesabu, maana hesabu humwepusha mtu na madai ya hamaki. Tangu mwaka 2012 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vimeendesha Sajili ya Taifa ya Waliofutiwa Hatia, ambamo huandikwa kila kesi inayojulikana, kuanzia mwaka 1989, ya mtu aliyehukumiwa kisha akafutiwa hatia kwa ushahidi mpya wa kutokuwa na kosa. Ripoti ya sajili hiyo ya mwaka 2022, iliyozipima kesi 3,200, ilionyesha kwamba Wamarekani weusi, ambao ni asilimia 13.6 ya watu wote wa nchi ile, walikuwa asilimia 53 ya waliofutiwa hatia. Kwamba mtu mweusi asiye na kosa yumo katika hatari ya kuhukumiwa kwa kosa kubwa mara saba kuliko mweupe asiye na kosa. Na kwamba katika makosa ya dawa za kulevya hatari hiyo hupanda hadi mara 19, ijapokuwa uchunguzi umeonyesha kwamba watu weusi na weupe huzitumia dawa hizo kwa viwango vinavyokaribiana.

Atasema mwenye kupinga kwamba wengi hukosewa kwa kuwa wengi hushtakiwa, na wengi hushtakiwa kwa kuwa wengi hutenda. Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu limo katika ripoti ile ile. Wachunguzi waliwalinganisha watu waliokwisha kutiwa hatiani kwa mauaji, wakaona kwamba mweusi miongoni mwao ana uwezekano zaidi, kwa takriban asilimia 80, wa kuwa hakuua, kuliko wengine waliotiwa hatiani kwa kosa hilo hilo. Kisha wakaona jambo la pili, ambalo kwangu mimi ndilo linalotoboa siri ya jambo lote, kwamba katika mauaji yanayotendwa na watu weusi ni asilimia 13 tu ambamo aliyeuawa ni mweupe, lakini miongoni mwa weusi waliofutiwa hatia ya mauaji, asilimia 26 walikuwa wamefungwa kwa kudaiwa kumuua mweupe. Maana yake ni kwamba rangi ya aliyeuawa nayo huongeza haraka ya kumpata wa kuadhibiwa, na palipo na haraka ya namna hiyo, ithibati hafifu huonekana nzito.

Ithibati hafifu hupataje uzito huo? Sababu ya kwanza imo katika jicho lenyewe. Mwaka 1969 Roy Malpass na Jerome Kravitz walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu huzikumbuka nyuso za watu wa rangi yake vizuri zaidi kuliko nyuso za watu wa rangi nyingine, na mwaka 2001 Christian Meissner na John Brigham, baada ya kuzikusanya tafiti za miaka 30, walithibitisha kwamba kasoro hiyo ni ya kweli na kwamba humpata hata mtu asiye na chuki yoyote moyoni. Ronald Cotton wa North Carolina aliyajua hayo kwa mwili wake. Mwaka 1984 mwanamke mweupe aliyebakwa alimchagua Cotton katika picha, kisha akamchagua katika gwaride la utambuzi, na katika wote waliopangwa mbele yake siku hiyo ni Cotton peke yake ambaye sura yake ilikuwamo pia katika zile picha. Kesi iliposikilizwa mara ya pili, mwaka 1987, mbakaji wa kweli aliletwa mahakamani, naye mwanamke yule, kwa unyofu kabisa, akasema kwamba hajapata kumwona mtu huyo. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, mpaka vinasaba vilipomtoa mwaka 1995. Mwanamke yule hakuwa mwongo hata kidogo, na hapo ndipo penye funzo: yakini ya shahidi, hata iapwe kwa machozi, si kipimo cha kweli, na juri inayoona machozi na yakini haina budi kuambiwa hivyo. Mahakama ya Juu ya New Jersey iliagiza mwaka 1999 kwamba juri ionywe juu ya kasoro hiyo pale ambapo kesi imesimama juu ya utambuzi wa namna hiyo, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikafuata mwaka 2017.

Sababu ya pili ni kwamba utoto wa mtoto mweusi hausadikiwi. Mwaka 2014 Phillip Atiba Goff na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi ambamo watu walioulizwa waliwaona wavulana weusi, kuanzia umri wa miaka 10, kuwa si wanyofu kama wavulana wengine, wakawakadiria kuwa wakubwa kuliko umri wao, na mvulana mweusi anayeshukiwa kwa kosa kubwa aliongezewa zaidi ya miaka minne. Mwenye kutaka kuona dhana hiyo ilivyofanya kazi kabla haijapimwa na wanasaikolojia na aitazame kesi ya George Stinney wa South Carolina, mtoto wa miaka 14, ambaye mwaka 1944 alihukumiwa kwa siku moja na juri ya weupe watupu iliyojadiliana kwa dakika 10, akauawa katika kiti cha umeme tarehe 16 Juni mwaka huo huo; hukumu yake ilitanguliwa Desemba 2014, miaka 70 baada ya kuzikwa. Wale wavulana wa Central Park walipohojiwa kwa saa nyingi, wakatoa maelezo yanayopingana juu ya mahali, wakati na mavazi, na ilipodhihirika kwamba vinasaba vilivyopatikana havikuwa vya yeyote kati yao, kasoro zote hizo zilipaswa kumfanya mtu mzima yeyote aseme kwamba watoto hawa wametishwa wakasema yaliyotakiwa. Lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kuwaita kundi la mbwa mwitu, na mtu akiisha kuitwa hayawani mkali, ni nani atakayekumbuka kwamba ni mtoto?

Sababu ya tatu ni kwamba thamani ya ushahidi hupimwa kwa kuangalia ni nani anayeutoa. Katika mji wa Monroeville, Alabama, msichana mweupe aliuawa asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1986, na katika saa ile ile Walter McMillian, mtu mweusi mwenye kazi ya kukata miti, alikuwa nyumbani kwake ambako jamaa na waumini wa kanisa walikuwa wakikaanga na kuuza samaki ili kuchangisha fedha. Watu waliomwona pale walikuwa wengi, na baadhi yao walisimama mahakamani wakasema hivyo. Wote walikuwa weusi. Upande wa mashtaka ulimtegemea zaidi mtu mmoja mweupe, mhalifu aliyejulikana, ambaye baadaye alikana maneno yake mwenyewe. Kesi ilimalizika kwa siku moja na nusu, juri ikapendekeza kifungo cha maisha, na jaji akaitupilia mbali rai hiyo akaamuru kifo. McMillian aliwekwa pamoja na wanaosubiri kuuawa hata kabla ya kuhukumiwa, akatoka Machi 1993 baada ya miaka sita, kwa juhudi za wakili Bryan Stevenson. Msomaji na alipime jambo hili kwa utulivu: kanisa zima halikuweza kushindana na neno la mtu mmoja, na haikuwa kwa sababu neno lile lilikuwa na nguvu, bali kwa sababu kanisa lile halikuhesabiwa kuwa kundi la mashahidi.

Hapa panafaa kuuliza kama mahakama ndizo zinazouharibu umma au umma ndio unaoziharibu mahakama, na historia hujibu kwamba viwili hivyo hushikana mikono. Mwezi wa Machi 1931 vijana tisa weusi walitolewa katika treni ya mizigo huko Alabama, wakasingiziwa kuwabaka wanawake wawili weupe, na kwa muda wa majuma mawili hivi wanane kati yao wakawa wamehukumiwa kufa mjini Scottsboro, huku makundi ya watu yakifurika nje ya mahakama. Mmoja wa wale wanawake, Ruby Bates, alirudi mahakamani mwaka 1933 akasema kwamba hakuna aliyebakwa. Juri ikamtia hatiani mshtakiwa vivyo hivyo. Jaji James Horton, aliyekuwa mtu wa Alabama hiyo hiyo na mweupe kama waliomchagua, alizipima ithibati za madaktari na maneno ya mashahidi, akaona kwamba hukumu haiwezi kusimama, akaitangua. Mwaka uliofuata wapiga kura walimwondoa katika kiti chake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliingilia kadhia hiyo mara mbili, mwaka 1932 na mwaka 1935, lakini jimbo la Alabama halikutoa msamaha kwa wa mwisho wao mpaka mwaka 2013, wakati wote walipokwisha kufa. Ujasiri wa jaji mmoja waweza kumtendea mtu insafu. Lakini pale ambapo umma humwadhibu jaji kwa insafu yake, majaji watakaofuata hujifunza kunyamaza.

Haya yote ni ya kabla ya kufutiwa hatia. Yanayofuata baadaye hayaelezwi sana, nayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mtu hudhani kwamba aliyefungwa bila kosa, siku atokapo, hupokewa kwa huruma ya nchi nzima. Picha za magazetini huonyesha mama akilia kwa furaha na mawakili wakikumbatiana. Lakini Kimberley Clow na Amy-May Leach wa Kanada walipowauliza watu, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba wengi hupendelea kukaa mbali na aliyefutiwa hatia, kuliko wanavyokaa mbali na mtu wa kawaida. Wakakuta pia kwamba aliyepata kukiri chini ya shinikizo hudharauliwa kuliko aliyekosewa na shahidi, kana kwamba kushindwa kuvumilia mahojiano ni kosa la pili. Jeff Kukucka na wenzake waliwaandikia wenye nyumba za kupangisha, wengine kwa jina la mtu wa kawaida, wengine kwa jina la mtu aliyemaliza kifungo, wengine kwa jina la mtu aliyefungwa bila kosa akafutiwa hatia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, ni kwamba wenye nyumba waliwajibu kwa uchache wawili hawa wa mwisho, wala hawakuona tofauti kati yao. Hatia ya kudhaniwa hufanana na doa la utomvu wa mgomba katika kanzu nyeupe: nguo ni ile ile, imefuliwa na kuanikwa, lakini kila apitaye huliona doa kabla ya kumwona aliyeivaa.

Doa hilo hulipata kila aliyefungwa, awe mweusi au mweupe. Ila kwa mtu mweusi huingia mahali palipokwisha kutayarishwa, kwa kuwa jamii iliyomdhania ubaya kabla ya kesi haihitaji juhudi kumdhania ubaya baada yake. Ndiyo maana ulimi wa shaka, unapomzungumzia, huwa na maneno tayari: huenda hakutenda lile, lakini lazima alitenda jingine, kama si yeye, alikuwa na nani usiku ule, mawakili wamepata mwanya tu. Wazee wetu walionya kwamba mdhaniwa ndiye siye, na onyo lao lilikuwa kwamba dhana ni mwongozo mbaya wa kumtafuta mkosa. Hapa dhana imezidi hapo, imekuwa mrithi wa hukumu, yenye kuchukua mahali pa hukumu mara tu hukumu inapoondoka.

Aliyelipa gharama ya fikra hiyo kwa ukamilifu wa kutisha ni Glenn Ford wa Louisiana. Mwaka 1984 juri ya weupe watupu ilimhukumu kufa kwa mauaji ya mfanyabiashara mweupe wa vito, huku akitetewa na mawakili wasio na uzoefu wa kesi za mauaji, ambao kiongozi wao alikuwa mwanasheria wa mambo ya mafuta na gesi. Alikaa karibu miaka 30 akisubiri kuuawa. Machi 2014 serikali yenyewe ilikubali kwamba hakuua wala hakuwapo mauaji yalipotendeka, akatolewa gerezani na dola 20 za matumizi. Alipodai fidia iliyowekwa na sheria ya jimbo, alinyimwa, kwa hoja kwamba alikuwa na uhusiano na waliotuhumiwa na kwamba aliuza baadhi ya vitu vilivyoibwa, yaani hakuwa safi wa kutosha. Na mwezi wa Juni 2015, kansa ya mapafu ikamwua akiwa masikini. Kabla ya hapo, katika mwezi ule ule aliponyimwa fidia, Marty Stroud, mwendesha mashtaka aliyemhukumisha, aliandika katika gazeti la Shreveport kuomba radhi, akasema kwamba alikuwa na kiburi, akitaka ushindi kuliko haki, na kwamba Ford anastahili kulipwa kila senti.

Ni usafi gani uliotakiwa kwa Ford? Sheria haimwulizi mtu aliyegongwa na gari la serikali kama amepata kusema uongo maishani kabla ya kumlipa matibabu. Lakini aliyenyang'anywa miaka 30 huulizwa kama alistahili kikamilifu kuwa huru. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nao msemo huu haukuwekewa sharti kwamba mnyonge awe pia mtakatifu. Mtu aweza kuwa na marafiki wabaya, na maisha yasiyonyooka, na bado akawa hakuua. Na kama hakuua, kila siku aliyofungwa kwa kuua ni deni.

Asidhani msomaji kwamba jambo hili ni la Marekani peke yake, wala kwamba halijapata kutugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Mahmood Mattan, baharia aliyezaliwa Hargeisa katika Somalia iliyokuwa ya Waingereza, aliishi Cardiff, katika mtaa wa bandarini uliojaa mabaharia wa kila kabila, akaoa mwanamke wa Kiwelisi mweupe, wakapata watoto watatu wa kiume. Machi 1952 mwanamke mwenye duka aliuawa kwa kukatwa koo karibu na hapo, na Mattan akashtakiwa. Mashahidi waliooneshwa Mattan hawakumtambua. Aliyemwelekezea kidole alilipwa sehemu ya zawadi iliyotangazwa, na maelezo yake ya kwanza, ambayo upande wa utetezi haukupewa, yalielekea kwa Msomali mwingine. Wakili wa Mattan mwenyewe, aliyelipwa kumtetea, aliiambia juri kwamba mteja wake ni nusu mshenzi. Alinyongwa tarehe 3 Septemba 1952, na mkewe, Laura, akapata habari katika tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa gereza. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliitangua hukumu yake Februari 1998. Polisi wa South Wales wakaomba radhi mwaka 2022, miaka 70 baada ya kifo chake, wakati Laura naye alipokuwa amekwisha kufariki. Mwandishi Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa kama yeye, alimwandikia riwaya mwaka 2021, na kwa riwaya hiyo watu wengi waliisikia kadhia ya Mattan kwa mara ya kwanza. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyehitaji kumchukia Mattan ili anyongwe. Ilitosha watu waone kuwa mauaji ya kisu ni jambo linalomwelekea mtu wa namna yake.

Ingawa mambo ni mazito kiasi hicho, fikra za umma si jabali lisilosogea. Mwaka 2019 Ava DuVernay alipotoa tamthilia ya televisheni juu ya wavulana wa Central Park, mamilioni waliziona sura zao kama sura za watoto. Desemba 2022 mlango mmoja wa bustani ile, upande wa Harlem, ulipewa jina la heshima kwa waliofutiwa hatia. Na mwaka 2023 wapiga kura wa Harlem walimchagua Yusef Salaam kuwa mjumbe wa baraza la jiji lililokuwa limemfunga. Lakini haki haipaswi kungoja miaka 30 mpaka apatikane mtunzi hodari wa kuieleza, kwa kuwa waliofungwa bila kosa ni maelfu na tamthilia ni chache.

Yanayoweza kufanywa yanajulikana. Mahojiano ya polisi, hasa ya watoto, yarekodiwe yote tangu neno la kwanza, si dakika za mwisho za kukiri peke yake. Juri iambiwe wazi jinsi jicho linavyokosea nyuso za rangi nyingine. Na gwaride la utambuzi lisimamiwe na ofisa asiyejua ni nani anayeshukiwa. Fidia isiwe hisani ya kuombwa kwa kupiga magoti: sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 huweka hadi dola 50,000 kwa kila mwaka wa kifungo cha dhuluma, na hadi dola 100,000 kwa kila mwaka wa kusubiri kuuawa, lakini sheria hiyo huwahusu waliohukumiwa na mahakama za shirikisho tu, nao ni wachache, waliohukumiwa na majimbo hutegemea sheria za majimbo, na majimbo kadhaa hayana sheria ya namna hiyo hata leo. Magazeti nayo yana deni lake, maana habari ya kukamatwa hupewa ukurasa wa kwanza na habari ya kufutiwa hatia hupewa kona, na umma hukumbuka ule uliosomwa kwa herufi kubwa.

Liko pia jambo linalowahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, Kanada na Uingereza wakapata uraia, wakaitwa kutumika katika juri, au wakawa waajiri na wenye nyumba za kupangisha. Wao, kwa rangi yao, wamo katika hatari niliyoieleza. Na kwa nafasi yao, wamo katika uwezo wa kuipunguza. Mwenye kuketi katika juri na aulize kila mara kama ithibati aliyoletewa ingemtosha lau mshtakiwa angekuwa mtoto wa jirani yake. Na asione haya kuwa peke yake katika chumba cha mashauri, maana mahali pengi juri haiwezi kumtia mtu hatiani mpaka wote wakubaliane, na mmoja mwenye subira huwalazimisha wengine kufikiri tena. Naye anayeombwa kazi au chumba na mtu aliyefutiwa hatia asimfanyie kesi ya pili mlangoni, kwa maswali ambayo asingemwuliza mwombaji mwingine.

Mtu aliyethibitika kuwa hana kosa hadaiwi ushahidi zaidi, wala shukrani, wala maisha yasiyo na ila. Anadai. Anadai jina lake litajwe bila ya neno "huenda" kufuata nyuma. Anadai malipo ya miaka iliyochukuliwa. Anadai wale waliokosea waseme kwamba walikosea, kama Marty Stroud alivyosema. Anadai nyumba na kazi kwa masharti yale yale ya watu wengine. Na madai hayo yote yana muda wake, kwa kuwa Stinney, Mattan na wale wa mwisho wa Scottsboro waliombwa radhi, kusamehewa au kutanguliwa hukumu wasipoweza kusikia: basi alipwe anayedai angali hai.